Mtoto wa Kome Hulelewa na Samaki

Kombe la kome likiokotwa ufuoni halimwambii mtu mengi. Ni kitu kigumu, kikavu, kinachong'aa ndani na chenye rangi ya udongo nje. Watoto hulichezea, wanawake hulitwanga likawa chakula cha kuku, na aghalabu hakuna aulizaye mwenye kombe alikuwa mnyama wa namna gani na alifikaje hapo. Hata akiwa hai, kome si kiumbe cha kuvuta macho. Hujifukia katika mchanga chini ya maji, akaacha upenyo mdogo tu wa kuvuta maji na kuyatoa, na kutoka maji hayo huchuja riziki yake. Anao mguu mmoja laini mfano wa ulimi, nao humsogeza polepole mno, mwendo ambao mtu aliyesimama akitazama asingeutambua. Hapo ndipo lizukapo swali gumu. Kiumbe asiyekwenda popote, akaaye katika mto unaoteremka usiku na mchana, amewezaje kuenea mpaka juu ya mto, kule maji yanakotoka?

Swali hilo liliingia katika nyumba ya koplo mmoja wa doria ya ziwa, katika makao ya familia za askari huko Jinja, likiletwa na kijana wake wa kidato cha tatu. Mama wa kijana huyo hufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kila akiba ikiisha hununua gunia la makombe ya ziwani, akayaponda na kuyachanganya na pumba za mahindi na mukene, kwa maana kuku asiyepata chokaa ya kutosha hutaga yai lenye ganda jororo, na yai la namna hiyo halifiki sokoni. Kijana alikuwa ameketi juu ya gunia hilo akijisomea kitabu cha elimu ya viumbe.

"Mama," alisema, "kumbe hawa nao wana utoto wao, kama kipepeo!"

Mama hakusadiki. Kiluwiluwi wa mbu alimjua, na wa chura alimjua. Wa kome hakupata kumsikia. Akamwambia kijana aache mzaha na ashuke juu ya gunia. Lakini jioni, kuku walipokwisha kufungiwa, alimwita amsomee tena.

Habari yenyewe yaanzia baharini, kwa kuwa huko ndiko jamii ya kome, chaza na konokono ilikoanzia. Chaza jike wa baharini aweza kutoa mayai mamilioni kwa mara moja, akayaachia maji. Yai likirutubishwa, kabla ya siku moja kupita huwa kiumbe kidogo mno kiogeleacho kwa vinyweleo vinavyotikisika. Baadaye kidogo huota makombe mawili mepesi kama ngozi ya kitunguu, na kitu mfano wa tanga chenye vinyweleo pembeni, ambacho humsukuma na kumlisha pia. Kwa muda wa wiki mbili au tatu kiluwiluwi huyo hupelekwa na mikondo, na wengi katika wenziwe huliwa na samaki. Yule aliyesalia huota mguu, akashuka chini, akapapasa mahali pagumu, akatoa tone la gundi na kujibandika. Tangu dakika hiyo hataondoka tena mpaka kufa. Kwa chaza, safari zote za maisha zimo katika zile wiki chache ambazo mwili wake haujafikia hata ukubwa wa punje ya ulezi. Wanawake wa Fumba, Unguja, walioanza kufuga chaza wa lulu, huutumia wakati huo huo: hutundika nyuzi na nyavu majini, watoto wa chaza wakaja wenyewe kunata.

Njia hiyo yafaa baharini. Mtoni haifai. Mtoto aogeleaye kwa vinyweleo hawezi kushindana na mkondo wa mto. Angeteremshwa kila kizazi, mpaka ukoo mzima ukamalizikia baharini ambako maji ya chumvi yangewaua. Konokono wengi wa maji baridi waliepa hatari hiyo kwa kuufuta utoto wa kuogelea: hutaga mayai katika utelezi kwenye majani, na anayetoka yaini ni konokono kamili, mdogo tu. Kome wa mitoni walichukua njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyomfanya mke wa koplo aache kuchambua mchele. Humpa mtoto wao mlezi, na mlezi huyo ni samaki.

Kome jike wa maji baridi hayaachii maji mayai yake. Huyaweka ndani ya matamvua yake mwenyewe, na huko viluwiluwi huanguliwa na kukaa wakisubiri. Katika aina nyingi kiluwiluwi ana makombe mawili madogo yaliyo wazi kama mtego wa panya, na wengine wana kulabu ncha za makombe hayo. Mama huwatoa majini, nao hungoja. Samaki akipita na kuwagusa, mtego hufyatuka ukabana ukingo wa pezi au uzi wa tamvua. Ngozi ya samaki hukua ikamfunika mgeni, akawa amelala katika kifuko. Humo ndani hujenga mwili mpya kwa majuma kadhaa, na katika aina nyingine kwa miezi, huku samaki akiendelea na safari zake, hata zile za kupanda mto. Mwisho kifuko hupasuka, kome mdogo akaanguka mchangani mbali na mahali alipozaliwa. Samaki mara nyingi hapati dhara kubwa. Asiyempata samaki kwa siku chache hufa, na hao wasiopata ni karibu wote.

Watu walichelewa sana kulijua jambo hili, na kuchelewa kwao kwafurahisha kukusimulia. Mwaka 1695 Mholanzi Leeuwenhoek, yule fundi wa hadubini, aliwaona wadudu hao wadogo ndani ya kome akasema ni watoto wake. Alikuwa sahihi. Lakini mwaka 1797 mtaalamu aitwaye Rathke alitazama wadudu wale wale akaamua kwamba ni vimelea wanaomla kome, akawapa na jina la kuwalaani. Wataalamu wakabishana kwa muda wa kizazi kizima kama aliyemo ndani ya mama ni mtoto au mwizi, mpaka katika miaka ya 1830 Carus alipothibitisha kwamba ni mtoto. Hata hivyo hakuna aliyejua mtoto huyo huenda wapi akitoka. Ndipo mwaka 1866 Leydig alipomkuta amejificha katika mapezi ya samaki. Jina alilotoa Rathke kwa kosa ndilo lililobaki katika vitabu mpaka leo.

Wapo kome wasiotaka kubahatisha. Katika mito ya Marekani kuna aina ambayo jike wake ametengeneza, kwa kipande cha nyama ya ukingo wa mwili wake, mfano wa samaki mdogo: una mkia, una doa kama jicho, na huutikisa majini. Kome mwenyewe hana macho ya kuuona mfano huo. Samaki mkubwa akija kwa uchu kuuma, kifuko cha viluwiluwi hupasuka mbele ya kinywa chake, naye akavuta watoto wa kome kwenye matamvua badala ya chakula. Askari yeyote aliyewahi kufunzwa uviziaji atamvulia kofia.

Lakini ya ajabu zaidi ni ya Jinja penyewe, na ndiyo ambayo watu wa Jinja hawaijui. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi katika mji huo, katika kituo cha utafiti wa uvuvi kilichokuwa cha nchi za Afrika Mashariki na ambacho leo ni taasisi ya taifa la Uganda, mtaalamu mmoja Mwingereza, Geoffrey Fryer. Kulikuwa na jamii ya kome wa Afrika ambao utoto wao ulikuwa haujaeleweka. Fryer alimchunguza mmoja wao, Mutela bourguignati, na mwaka 1961 akachapisha maisha yake tangu yai mpaka kome mzima.

Kiluwiluwi wa kome huyu hana mtego wa makombe. Ana kiwiliwili kidogo chenye kulabu, na unyuzi mwembamba ulio mrefu mara nyingi kuliko mwili wenyewe. Unyuzi huo huelea majini kama ndoana iliyoachiwa, na kwa huo humnasa mpita njia. Mpita njia Fryer aliyemkuta nao ni kisinja, yule samaki mwenye magamba makubwa na sharubu mdomoni, apendaye maji yaendayo kasi, naye hupanda mito akitaka kuzaa. Kiluwiluwi akisha kumpata hafunikwi katika kifuko kama binamu zake. Huotesha mirija miwili ikapenya ndani ya nyama ya samaki, kama mizizi ya mmea unaoota juu ya mti wa mwingine, na kwa mirija hiyo hunyonya chakula. Nje ya ngozi hubaki kitumba, na ndani ya kitumba hicho kome hujijenga polepole: makombe, mguu, matamvua. Siku ikifika hukatika akadondoka. Mtu akimtazama kisinja aliyebeba vitumba hivyo asingedhania kamwe kwamba ni watoto wa kile kitu kigumu kilicholala mchangani chini yake.

Kijana alipofika hapo mama yake alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na mama yao huwajua wakirudi?"

"Hawarudi, Mama. Na yeye hana macho."

Yafaa kueleza kwa nini swali hilo lilimtoka. Juma hilo koplo alikuwa amepata habari ya uhamisho, na nyumbani ilikuwa imeamuliwa kwamba kitinda mimba wao, msichana wa miaka sita aliyekuwa ameanza shule, apelekwe kwa bibi yake mzaa baba ili masomo yasikatike tena. Kaka zake wawili walilelewa huko huko kwa zamu. Familia za askari na polisi hazihitaji kufundishwa jambo hili. Mtoto hupewa shangazi, au bibi, au rafiki wa kambi iliyotangulia, na mama hubaki akihesabu likizo. Mke wa koplo hakusema neno kuhusu kome na binti yake, wala hakuna aliyemlinganishia. Alimwambia tu kijana arudie ile sehemu ya mirija.

Siku ya pili alikuwa akiponda makombe pamoja na jirani, mke wa konstebo, alipomweleza habari hiyo. Jirani aliruka nyuma.

"Ee dada, basi ndiyo hayo yaletayo kichocho! Yatupe!"

Hofu hiyo ina sababu, lakini imekosa njia, na kwa kuwa wengi huichanganya, heri ichambuliwe hapa. Kiluwiluwi amwingiaye binadamu si mtoto wa konokono wala wa kome. Ni mtoto wa mnyoo. Yai la mnyoo hutoka katika kinyesi au mkojo wa mgonjwa, likaanguliwa majini, na mdudu wake humtafuta konokono wa aina fulani akamwingia na kuzaana ndani yake kwa majuma kadhaa. Kisha hutoka maelfu, hasa mchana jua likiwaka, nao hutafuta ngozi ya mtu. Konokono kwa hiyo ni mwenye nyumba aliyevamiwa. Kome wenye makombe mawili hawamo kabisa katika shauri hili, na kombe kavu la gunia haliwezi kumpa mtu kichocho. Kinachompa ni kuoga, kufua au kuvua katika maji ya ufuoni yaliyochafuliwa. Wadudu hao hawaishi muda mrefu wasipopata ngozi. Maji yaliyotekwa bila konokono yakawekwa siku mbili huwa yamekwisha nguvu yao, ingawa maji ya kunywa lazima bado yachemshwe. Askari wa doria ambao miguu yao haikauki wangefanya vema kupimwa na kupata dawa ya prazikwanteli katika zahanati, na vyoo vya kambi za ufuoni vina kazi kubwa kuliko dawa.

Koplo aliporudi kutoka majini baada ya siku kumi na mbili, mke wake alimwandalia chakula, akangoja amalize, ndipo akamuuliza.

"Baba watoto, siku hizi mnawaona kisinja?"

"Kisinja?" alisema koplo. "Mara moja moja. Wazee ndio husimulia kwamba zamani walijaa hapa. Sisi ni sangara, ngege na mukene. Wewe wamtakia nini kisinja?"

Mke alitaka kujua kwa sababu alikuwa amemwaga gunia zima chini akichambua, asipate kome mdogo hata mmoja. Kwa haki, gunia la mchuuzi si ushahidi. Mchuuzi huchekecha, na wadogo huanguka katika chekecheke. Lakini jambo alilolihofia si la kubuni. Huko Ulaya kuna kome wa lulu wa mitoni ambaye huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Jike mmoja hutoa viluwiluwi mamilioni kwa mwaka, nao hulelewa na samaki wa aina mbili tu, salmoni na trauti. Watu walipochafua mito, wakaitia matope na kuifunga kwa mabwawa, samaki hao walipungua, na mchanga ambamo kome wachanga hujifukia ukazibwa na tope. Mto ulionekana mzima. Ukichungulia chini uliwaona kome wamejipanga kwa mamia, wakubwa, wazuri, wanapumua. Walipopimwa umri ikaonekana kwamba katika mito mingi hakuna aliyezaliwa kwa miongo kadhaa. Lilikuwa kundi la wazee. Kila mwaka walizaa, na kila mwaka watoto walikosa mlezi wakafa, na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Hili ndilo jambo ambalo lafaa kuwashughulisha wanaolinda maji. Samaki akipungua mvuvi hulalamika siku hiyo hiyo, kwa kuwa chungu kimekuwa kitupu. Kome akikosa mlezi hakuna chungu kitakachosema. Kisinja wa Ziwa Victoria na wa Naili amepata misukosuko mingi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na kuzamisha maporomoko ya Ripon, mahali alipojulikana sana. Bwawa la Bujagali likafuata mwaka 2012. Sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliongezeka mno katika miaka ya 1980 na kula samaki wengi wa asili. Nyavu zenye matundu madogo huwakamata wachanga, na makokoro hukwangua chini ya maji, yakazoa samaki, mayai, na kome pamoja. Mwaka 2017 askari wa UPDF waliingia majini kupambana na uvuvi haramu, kazi ambayo wavuvi wengi wameilalamikia na wengine kuisifu. Malalamiko na sifa zote mbili hupimwa kwa samaki tu. Aliyelala mchangani hahesabiwi.

Kuna habari njema, ya nusu. Watafiti wa Uganda wamefaulu kumzalisha kisinja kwa mikono yao, akafugika katika mabwawa ya samaki, na siku moja huenda akapatikana sokoni kama ngege. Kwa jiko la nyumbani hiyo ni faida. Kwa kome haijawa kitu bado, maana kisinja wa bwawani haogelei juu ya mchanga wa Naili, na unyuzi ule mrefu utaelea mahali ambapo hapiti mtu.

Msichana alisafirishwa mwanzo wa muhula, na bibi yake alimpokea stendi. Uhamisho wenyewe ulicheleweshwa, kama ambavyo uhamisho hucheleweshwa mara nyingi, hata koplo akaendelea na doria miezi mingine mitatu. Siku hizo wakikamata kokoro, kabla halijachomwa moto huwaagiza vijana wake walikung'ute kwanza, makombe yaliyofumba yarudishwe majini na yaliyo matupu yaachwe. Vijana hutii huku wakichekeana. Mmoja wao, aliyezaliwa visiwani, ameshikilia kwamba afande anaogopa laana ya ziwa; mwingine asema ni mambo ya kuku wa mkewe.